Mtungi Ambao Jeki Hakuugonga

Kwa masikitiko makubwa, na bila kumwomba ruhusa mwenye mali, tunawatangazia ndugu, jamaa, marafiki na wambeya wote wa mtaa kifo cha mgongo wa mpakizi wa mitungi ya gesi ajulikanaye kwa jina la Jeki. Marehemu aliugua kwa wiki saba. Enzi za uhai wake alibeba mitungi isiyohesabika, makabati ya majirani, bwana harusi mmoja aliyezidiwa na furaha, na siku moja ya mvua alimvusha dimbwini msimamizi wa ghala ili viatu vyake visilowe. Ameacha miguu miwili yenye ganzi, shingo moja, na mwajiri asiyemkumbuka. Hakutakuwa na mazishi, kwa kuwa mwenye mgongo bado anautumia kulalia.

Hayo ndiyo matangazo. Sasa tusimulie vizuri, maana mgongo haufi kama balbu, pu! na giza. Unakufa kwa hatua, na kila hatua ina mtu aliyesimama pembeni akisema, "Utapona tu."

Jeki alipewa jina hilo na madereva. Lori likipata pancha walimtania kwamba hakuna haja ya kufungua sanduku la vyombo, mwiteni yule pale. Kimo chake kilikuwa cha kawaida, ila mabega yalijengwa na fundi mwingine. Mtungi mkubwa, ule unaokwenda hotelini na kwenye mabweni ya shule, unamfika mtu kifuani, na ukijaa una kilo themanini na ushei. Kanuni iliyobandikwa ukutani ilisema ubebwe na watu wawili. Jeki aliukumbatia peke yake, akauegemeza pajani, hup! ukakaa kwenye bodi ya lori kama mtoto aliyewekwa kitini. Kwa ushujaa huo alipata ujira ule ule waliopata wenzake waliobeba wawiliwawili, pamoja na makofi ya bure. Kwenye makaratasi aliandikwa "kibarua wa muda". Muda wenyewe ulikuwa umefika miaka kumi na mmoja.

Kuna jambo moja ambalo mpakizi wa gesi hufundishwa kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Mtungi uliojaa na mtungi mtupu ni mapacha: rangi moja, kimo kimoja, kifuniko kimoja. Kwa macho hausomeki. Kwa hiyo kabla hujainua, unagonga kwa kifundo cha kidole. Uliojaa unajibu du, kivivu, kama mtu aliyeshiba. Mtupu unalia ngiii, kama kengele ya shule. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, na wahenga wenyewe hawakuwahi kupakia gesi. Ukishasikia jibu, mwili unajipanga: kwa mzigo mzito unakaza, kwa mwepesi unalegeza. Jeki ndiye aliyewafundisha hilo wapakizi wote wanne wa zamu yake.

"Gonga kwanza," alikuwa akiwaambia. "Mgongo ni kama mke. Usiupe habari za uongo, utakusubiri nyumbani."

Siku ya hatua ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha na ubao wa kupandia lori umeloa. Jeki alikuwa na mtungi uliojaa mikononi, mguu wa kushoto ukateleza. Mtu mwenye akili angeachia. Lakini mpakizi akiangusha mtungi uliojaa, msimamizi wa ghala hutoka ofisini akipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanajibu. Jeki akaukumbatia kama mchumba, akajipinda nao, akauzuia. Kiunoni kukasema tak.

Je, aliketi? Aliketi wapi! Alipakia mitungi mingine kumi na saba, akatania na dereva, akarudi nyumbani kwa miguu. Asubuhi yake aliamka macho tu. Mwili uliobaki ulikataa.

Hospitalini daktari aliiinua picha ya mgongo kuelekea dirishani, akanyoosha kalamu kwenye kidoa.

"Hii hapa imetoka mahali pake."

"Irudishe basi, daktari. Si wewe ndiye fundi?"

"Hairudishwi kwa nyundo, mzee. Upumzike. Na usiinue kitu chochote kizito kuliko birika."

"Birika tupu au la maji?" aliuliza Jeki, maana kazi ni kazi.

Msimamizi wa ghala aliisoma barua ya daktari mara mbili, mara ya pili akitafuta makosa ya chapa. Alikuwa mtu wa fomu. Kitu kisichokuwa na fomu kwake hakikuwahi kutokea.

"Kazi nyepesi," alisema. "Daktari anaandika nikupe kazi nyepesi. Hapa kazi nyepesi ipo moja tu, na ni yangu."

Akampa wiki sita. Zikiisha, Jumatatu saa tatu asubuhi, Jeki angesimama uwanjani na kuinua mtungi mkubwa mmoja uliojaa, kutoka chini hadi kwenye lori, peke yake, kama alivyozoea. Kuna Fomu ya Uthibitisho wa Uzima. Akiinua, anarudi kazini. Asipoinua, pole.

"Lakini kanuni ukutani inasema wawili," Jeki alikumbusha.

"Kanuni ni ya wagonjwa?" msimamizi aliuliza, na fomu ikafungwa.

Nyumbani kitanda kilikuwa kimebonyea katikati kama sufuria, kwa hiyo mkewe aling'oa mlango wa jikoni, akaulaza sakafuni, akatandika blanketi mbili juu yake. Tangu hapo jikoni hakukuwa na mlango, na Jeki alikuwa na kitasa ubavuni. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikaa dirishani na kushona sketi za shule, zile za buluu, lundo huku na lundo kule, na katikati ya malundo ndiyo alilala yule mtu aliyekuwa akibeba makabati ya watu.

Alivalishwa soksi. Aligeuzwa. Kupiga chafya ikawa safari ya kufanyiwa maandalizi: anaita, "Inakuja, inakuja!" na mkewe anaacha mashine, anakimbia kumshika kiuno kwa mikono miwili, chafya inapita, wote wawili wanabaki wanahema kama waliovuka barabara kuu. Mwanzoni walicheka. Wiki ya tatu waliacha kucheka, wakabaki wanashikana tu.

Mchana, mashine ikiwa inalia, Jeki aligeukia ukutani na kulia naye, akidhani sauti ya cherehani inamfunika. Ilimfunika kweli. Kila alipoanza, mkewe alikanyaga kwa kasi zaidi, hata pale ambapo sindano haikuwa na uzi.

Alimshonea mkanda wa mgongo kwa vipande vya sketi vilivyobaki, tabaka tatu, na ndani akapachika vijiti vya plastiki alivyokata kwenye ndoo iliyopasuka. Ulikaa vizuri. Pembeni ulikuwa na mfuko mdogo wenye kifungo.

"Mfuko wa nini huu, mama watoto?"

"Hata sijui. Mkono umezoea sketi, umejiendea wenyewe."

Ndani ya mfuko huo Jeki akawa anaweka barua ya daktari, imekunjwa mara nne.

Jumapili, siku moja kabla ya jaribio, alimsubiri mkewe aende kupeleka sketi, akajaribu ndoo ya maji. Si iliyojaa. Nusu. Aliinama kwa utaratibu, akaishika, akaivuta. Ndoo ilinyanyuka kidogo, unene wa kidole, kisha moto ukashuka kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo na maji yakatandazika sakafuni. Mkewe aliporudi alimkuta amepiga magoti dimbwini, ameshika ukingo wa ndoo kama mtu anayeapa.

Mkewe alichukua sketi moja iliyoharibika, akaanza kupangusa.

Jioni ile alikuja mpakizi mwenzake aitwaye Katibu. Hakuwa katibu wa chochote; ila aliwahi kuandika kumbukumbu za kikao kimoja cha wapakizi, na lugha ya kikao ikamganda mdomoni kama gundi.

"Hodi, shemeji. Tumekuja kumjulia hali mgonjwa kwa mujibu wa utaratibu."

"Karibu, shemeji. Mmekuja wangapi?"

"Peke yangu."

Akaketi juu ya lundo la sketi, akafukuzwa, akachuchumaa. Jeki alimtazama kutoka kwenye mlango wake.

"Siwezi," akasema.

"Utaweza."

"Nimeshindwa na ndoo, Katibu. Nusu ndoo."

"Ndoo haina adabu. Mtungi unakufahamu."

"Sikutanii. Kesho nikiinama sitainuka. Na nisipoinama sina kazi. Miaka kumi na mmoja, sijui kazi nyingine, hata kushona kifungo sijui. Huyu," akamwonyesha mkewe kwa kidevu, "atatulisha kwa sindano moja mpaka lini?"

Katibu alimshika kifundo cha mguu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, akakiminya, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa wenzake watatu, wakakutana nje ya lango la ghala, na hapo ndipo ilipozaliwa mbinu. Nia ilikuwa njema kabisa, na ndiyo sababu iliua. Wangetafuta mtungi mtupu, mzuri, usio na mchubuko. Wangeufunga kifuniko kipya cha plastiki kama uliotoka kujazwa. Jeki angeinua huo. Hata mgonjwa anaweza kuinua mtupu akijikaza.

"Tumwambie," alisema mmoja.

"Tumwambie Jeki?" Katibu alicheka. "Umesahau siku tuliyochelewa wote, tukakubaliana tuseme lori lilipata pancha? Msimamizi alipouliza, yeye akasema, 'Pancha gani?' Huyo mtu ukimpa siri, masikio yake yanaisoma kwa sauti. Asiambiwe. Ajikaze kikweli, msimamizi aone jasho halisi."

Wakaazimia hivyo, kwa kauli moja.

Jumatatu saa tatu uwanja ulikuwa umefagiliwa. Msimamizi alisimama na kibao chake cha karatasi, kalamu mbili mfukoni, ya pili kwa ajili ya dharura. Jeki alikuwa amevaa shati pana kuficha mkanda. Alikuwa amekuja kwa miguu, na njia ya dakika kumi ilikuwa imemchukua saa nzima.

Katibu alitoka ghalani akiuviringisha mtungi kwa ukingo wake. Na huyu ndiye aliyeharibu kila kitu kwa kuigiza vizuri kupita kiasi. Aliguna. Alisimama njiani akajipangusa uso. Alisema, "Duh, hawa wa leo wamejaza mpaka shingoni." Akausimamisha mbele ya Jeki, akarudi nyuma akiwa amejishika kiuno.

Kidole cha Jeki kilijikunja chenyewe. Kilizoea. Miaka kumi na mmoja hakikuwahi kuukuta mtungi bila kuupigia hodi.

"Ukiugusa, umeanza," alisema msimamizi. "Hakuna kuubembeleza."

Jeki akasita. Kisha akafikiri: mtungi umeletwa na rafiki yangu anayehema hivi, nagonga nini tena? Kidole kikanyooka.

Akainama. Kitu kilichotokea ndani ya mtu yule katika dakika hiyo hakina fomu. Alikusanya kila alichobakiwa nacho, miguu, meno, mlango wa jikoni, chafya zote zile, sketi zote zile. Alijiandaa kwa kilo themanini na ushei, akaongeza nyingine za woga, akavuta.

Mtungi uliruka kama kuku aliyemwagiwa maji.

Ulipaa kutoka mikononi, ukapita kifuani, ukatua kwenye bodi ya lori, na hapo ukasema kwa sauti ya kengele ya shule: ngiiiiii.

Kila aliyekuwa uwanjani aliusikia. Madereva waliusikia. Mlinzi getini aliusikia. Mtu mmoja tu hakuelewa alichosikia, naye ndiye aliyekuwa na kalamu, kwa sababu katika miaka yake yote ghalani hakuwahi kugonga mtungi hata mmoja.

"Ala!" alisema msimamizi, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Jeki amerudi!" Akaandika huku akitamka: "Mzima. Amezidi kiwango." Akatia sahihi. "Kesho saa moja kamili."

Wenzake wanne walipiga makofi, yakafa moja moja. Jeki alikuwa bado amesimama, mkono mmoja umeshika ubavu wa lori, uso umeganda katika kitu kilichofanana na kicheko. Alikuwa akimtazama Katibu. Alikuwa ameisikia ile ngiii kabla hajayasikia maumivu, kwa tofauti ya pumzi moja, na katika pumzi hiyo alielewa yote.

Msimamizi alipoingia ofisini, Jeki alishuka taratibu kama turubai lililong'olewa miti.

Walimrudisha nyumbani kwa mkokoteni wa mitungi, wamemfunga mikanda miwili, mmoja kifuani na mmoja magotini, kama inavyoagizwa kwa mzigo wa hatari. Mkewe alisimama mlangoni na uzi mdomoni.

Katibu alitafuta neno, akaliokota lililokuwa karibu.

"Amefaulu, shemeji."

Safari hii hata unyayo haukusikia ukifinywa. Daktari alitazama picha mpya, hakunyoosha kalamu popote, alisema tu kwamba kubeba kumekwisha, na kutembea watazungumza baadaye. Na birika? "Birika amwachie mama."

Siku ya nne ililetwa barua. Mkewe aliisoma akiwa amesimama: kwa kuwa mhusika alithibitishwa rasmi kuwa mzima, tena kuzidi kiwango, kutofika kwake kazini kwa siku tatu mfululizo ni utoro, na kazi yake imekoma. Alivaa viatu akaenda ghalani, mkononi karatasi ya daktari. Msimamizi alimpokea kwa heshima zote, akampa kiti, akamwonyesha fomu.

"Mama, hapa pana sahihi yangu. Mwili wake unabishana na sahihi yangu?"

"Mwili wake hausimami, baba."

"Jumatatu ulisimama. Nilikuwepo."

Alirudi, akakaa kwenye mashine, hakushona. Jeki alimuuliza wamesemaje. Alisema, "Wamesema wewe ni mzima." Halafu akacheka mpaka ikabidi ashike meza, kicheko kibaya kisicho na mahali pa kuishia, na Jeki hakuweza kuinuka kumshika.

Asubuhi ya kesho yake wapakizi wote wanne walifika kabla ya kuingia zamu. Walivua buti nje ya mlango. Jeki, pale sakafuni, alizifahamu buti zote: zile zilizofungwa kwa waya zilikuwa za yule aliyepata mapacha mwezi uliopita, zile kubwa kupita miguu zilikuwa za yule aliyemrithi baba yake buti na mzigo wa kulea wadogo zake sita. Walijipanga ukutani kati ya malundo ya buluu. Katibu alisimama mbele, akakohoa.

"Ndugu yetu mpendwa, shemeji, na wajumbe. Kwa niaba ya wapakizi wa mitungi mikubwa na midogo, kwa moyo mzito, nakiri mbele yenu kwamba mtungi ule ulikuwa mtupu, na kwamba aliyeutafuta ni mimi, na walioufunga kifuniko ni hawa."

Mkewe aligeuka taratibu kwenye kiti.

"Mtupu?"

"Mtupu, shemeji. Tulitaka kumsaidia."

Mkewe alimtazama Jeki kuona kama na yeye alijua, akaona kwamba alijua, tangu siku ile ile, na amelala na jambo hilo juu ya mlango bila kumwambia.

Katibu akapandisha sauti, maana ingetetemeka kama angeiacha chini. "Kwa hiyo tumekaa kikao usiku. Tumeazimia hivi: tukienda leo kwa msimamizi, wote wanne, tukasema ukweli, ile fomu inakufa. Jaribio halikuwa jaribio. Hukuwa mtoro, uliumia kazini, na watalazimika kukutambua. Sisi tutafukuzwa kwa udanganyifu, hilo tunalijua, na tumelipokea. Jina lako, ndugu yetu, litatajwa ghalani vizazi na vizazi, kama mtu ambaye..." Hapo kikao kilimwishia. Alijipangusa uso kwa kofia. "Sema neno moja tu, Jeki. Tupo tayari. Tunakwenda sasa hivi."

"Nendeni," alisema mkewe. "Nendeni mkaseme. Mnamngoja nini?"

"Neno lake, shemeji."

Mkewe alipiga magoti kando ya ule mlango, akamwekea mkono kifuani, juu ya mkanda wenye mfuko.

"Baba watoto, nisikilize. Miaka yote umekuwa mtu mzuri, nami nimevumilia. Leo mara moja tu, nakuomba, kuwa mbaya. Kwa ajili yangu. Sema waende."

Wanne walimtazama. Yule wa mapacha alikuwa ameshusha macho na anahesabu vidole vyake mwenyewe vya miguu. Nje honi ya lori la kwanza ililia mara mbili, ile ya kuita wapakizi. Jeki alimtazama mkewe, na mkewe alipoyaona macho yale alijua jibu, akaondoa mkono.

"Zamu imeanza, mtachelewa," alisema Jeki. "Ila nigeuzeni kwanza. Upande huu umekufa ganzi."